Talaka Tatu kwa Mguu wa Miro

Montevideo, Uruguay
2 Mei 1965

Ndugu yangu Suud,

Hii barua ya tatu, na mbili za mwanzo sijui kama zilifika au zimeliwa na samaki. Nakusalimu kwa zote tatu pamoja.

Mimi mzima. Meli ya Mgiriki niliyokuwamo imeuzwa hapa hapa bandarini, na sisi mabaharia tukashushwa na mabegi yetu. Unguja hakurejeki tena baada ya yale ya mwaka jana, na huko kwenu Maskati sina kibali cha kuingia. Basi nimepata kazi kwenye klabu moja ya mpira, Faro jina lake. Nafua jezi, napaka viatu mafuta, nagonga njumu. Usinicheke. Wewe uliyecheza winga ya kushoto Unguja nzima ikikushangilia, ungeomba kazi hii hii.

Hapa pana kijana wa miaka kumi na saba, Delmiro Pintos, tunamwita Miro. Baba yake mchuna ngozi machinjioni. Jumapili iliyopita aliingizwa kipindi cha pili, mara yake ya kwanza. Akapelekewa mpira kalipa goli mgongo, beki la kilo mia limemganda nyuma. Akauacha mpira upite baina ya miguu yake mwenyewe. Beki akamfuata mtu, Miro akaufuata mpira. Bao! Wazee walivua kofia wakazirusha uwanjani, na mimi ndiye niliyeambiwa nizikusanye.

Sasa lililonikaa moyoni. Mwaka jana nilikutumia karatasi ya wakala, yenye saini za mashahidi wawili, ili nikubaliwe ndoa ya dada yako Masouda nami nikiwa mbali. Marehemu baba yenu aliniahidi mbele yako. Yeye ni mtoto wa ammi yangu, haki ya mwanzo ni yangu, na mwenyewe ananitaka, unajua. Wewe sasa ndiye walii wake. Umefanyaje? Nijibu hilo hata kama hujibu jengine.

Nduguyo,
Thani bin Khalfan

*

Maskati
11 Agosti 1965

Kwa Thani, mtoto wa ammi yangu,

Yakhe, barua yako imeniweka mjini! Nilikwenda nayo barzani kwa Sleyum, kule Darsait, baada ya alasiri, maana huku lango la mji hufungwa na usiku mtu hatembei bila ya fanusi, kwa hivyo maneno yote husemwa jua likiwapo. Nikawasomea lile bao. Wallahi walinirejesha mara nne. Sleyum, tajiri yule ambaye akijibu salamu yangu alikuwa akiangalia pembeni, alininyanyukia akanipa mto wa kuegemea. Thani, hujui sisi tunavyoonekana huku. Tunaitwa Wazinjibari, Kiarabu chetu kinachekwa, hata tunavyokula tunatazamwa. Jana nimeitwa kwa jina langu. Niandikie zaidi. Anavaa namba ngapi? Anakunja mikono ya jezi? Usiache kitu.

Mimi nimepata kazi forodhani Mutrah, kwa msaada wa Bwana Amur, mfanyabiashara wa hapo. Yeye ndiye aliyetudhamini tukashuka melini, mimi na Masouda. Bila yake tungerudishwa.

Kuhusu karatasi yako, imefika lakini imerowa, na Kadhi wa huku ni mgumu. Masouda hajambo, anakusalimu. Kuwa na subira, subira ina kheri.

Wako,
Suud bin Rashid

*

Mutrah
20 Januari 1966

Bwana Thani,

Anwani yako nimeiona juu ya bahasha aliyoisahau kaka yangu Suud kwangu. Nakuandikia mara moja tu, nikupe hongera ya mke wako wa Kizungu.

Mwaka juzi mwezi wa Shaaban Suud alinikalisha chini, akaniambia umeandika kuwa umeoa huko, umenivua ahadi, na niolewe na nimtakaye. Sikulia mbele yake. Nililia chooni. Baada ya wiki mbili nikaozwa Bwana Amur, mwenye watoto wanaonizidi umri. Ni mtu mwema, ananiita mwanangu, na mimi nalala naye.

Nilikungoja Unguja risasi zikilia. Nilikungoja kwenye meli. Ungeniandikia mimi mwenyewe, si kwa mlango wa mtu. Ukiwa na la kusema, tumia jina la jirani yangu Rahila, mumewe ana sanduku la posta. Ukiwa huna, nyamaza hivyo hivyo.

Masouda

*

Montevideo
3 Aprili 1966

Masouda,

Sijaoa. Sijapata kuoa. Wala sijakuvua ahadi yoyote. Nilituma wakala uolewe na mimi, na nakala yake ninayo, nakutia humu. Isome tarehe. Niliituma kabla ya Shaaban, na Suud mwenyewe kaniandikia kuwa ilifika.

Suud amekuuza kwa ruhusa ya kushuka melini na kiti cha forodhani. Mwezi wa Agosti, wewe umeshakuwa mke wa mtu, kaniandikia unanisalimu na niwe na subira.

Nilivunja kioo cha chumba cha jezi kwa mkono, kocha akadhani nimekunywa. Nikitaka kupanda meli nije nimkabe, naweza. Lakini nikimkaba watu watamsikitikia, watasema maskini Suud. Sitaki asikitikiwe. Nataka achekwe na wale wale anaotaka wamnyanyukie, kisha aondokewe na kitu cha ndani ya nyumba yake kama alivyoniondolea changu. Sijui kwa njia gani. Nitajua. Yeye anaomba habari za Miro, na mimi nitampa mpaka ashibe.

Usimwambie kuwa tumeandikiana.

Thani

*

Montevideo
15 Machi 1967

Ndugu yangu mpenzi Suud,

Samahani kwa kuchelewa, kazi imekuwa nyingi, na yote kwa sababu ya Miro. Mabao kumi na tisa msimu huu! Uso wake umechapwa juu ya viberiti. Akipita sokoni wauza samaki hawataki apite bila ya kubeba kitu, na mama yake sasa anauza nusu ya samaki hao mlangoni. Wasichana wanamngoja nje ya uwanja, na yeye anatokea mlango wa nyuma na mimi, kajifunika taulo kichwani, kwa aibu tu. Ana miaka kumi na tisa na bado anaogopa wanawake. Nakutumia picha yake. Ndiyo, anakunja mikono ya jezi, mara mbili, na wa kushoto huwa juu zaidi.

Masouda sikuulizi tena. Umenambia subira, nami nasubiri.

Moja tu nakuusia. Ukiwahadithia watu, usihadithie kwa kusitasita. Habari zangu ni za uhakika, nazitoa mguuni mwake mwenyewe. Mtu akikubishia, mwapie.

Akupendaye,
Thani

*

Maskati
7 Julai 1967

Thani wangu,

Ungekuwapo! Ile picha imeshikwa mpaka pembe zimelainika. Vijana wanaocheza kule kwenye changarawe za Wadi Kabir wamejiita Faro, na wote wanakunja mikono, wa kushoto juu zaidi. Mtu na ndugu yake wanagombana nani awe Miro. Mzee mmoja kutoka Bawshar kaja juu ya punda kuniuliza kama ni kweli Miro ni yatima. Nikamwambia si yatima, akaondoka kavunjika moyo.

Na mimi nimeoa, alhamdulillah. Muhsina, msichana wa Kizinjibari, baba yake amekufa, analelewa na ammi yake. Mpole, anasoma na kuandika vizuri kunishinda. Sleyum ndiye aliyeniposea. Mimi, Thani! Mwaka juzi mtu huyo hakunijua.

Ulilonambia nimelifuata. Juzi alinibishia Sleyum mwenyewe kwamba mabao kumi na tisa ni uwongo, nikaapa kwa talaka. Nikasema mke wangu si mke wangu kama si kumi na tisa. Huku mtu akiapa hivyo habishiwi. Muhsina zilimfikia, akaninunia siku mbili. Nikamwambia, mwanamke wewe, ndoa yako iko salama, Miro hakosi.

Suud

*

Montevideo
9 Septemba 1968

Masouda,

Miro amekwisha.

Mwezi wa saba, dakika ya kumi, alikuwa anakwenda kufunga, beki akamjia kwa miguu miwili. Goti liligeuka likaangalia nyuma. Mimi ndiye niliyemvua kiatu, maana hakutaka daktari amguse. Wamempasua mara mbili. Anatembea kwa magongo, na daktari kasema ashukuru kutembea. Wale wauza samaki walimletea kwa wiki tatu. Ya nne hawakuja. Viberiti vimechapwa na uso mwengine. Sasa yuko na mimi chumba cha jezi, anakunja, mimi nafua. Ana miaka ishirini.

Habari hii sijampa Suud, na sitompa. Kwenye barua zangu Miro bado anafunga. Juzi aliniona naandika, akaniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia, nakufungia mabao. Akacheka mpaka gongo likaanguka. Akanambia, "Nifungie moja la kichwa, la kichwa sijapata kufunga." Nimemfungia mawili.

Sasa nisikilize. Kakako ana tabia ya kuapa kwa talaka. Mwaka wa sabini kuna Kombe la Dunia Mexico, na redio ya Kiarabu itasoma majina. Nitamjaza Suud mpaka aape kwamba Miro atakuwemo. Alinikosesha mke kwa barua, na mimi nitamkosesha mke kwa barua.

Ukitaka kumuonya, muonye. Ni ndugu yako, tumbo moja. Mimi sikufungi mdomo.

Thani

*

Maskati
16 Februari 1970

Ndugu yangu Thani,

Leo nimewanyamazisha wote. Mpwa wake Sleyum karudi kutoka Bahrain na magazeti, anajifanya mjuzi, anasema kayasoma yote na hajapata kuona jina la Miro, ati huyo Miro wangu ni jini. Watu wakaanza kucheka. Nikaona mto wangu wa kuegemea unaniponyoka.

Nikatoa barua yako ya Disemba, ile ulisema kocha wa taifa keshamchagua na jezi yake ya buluu umeifua kwa mkono wako. Nikawasomea. Yule kijana akasema, karatasi haina mfupa. Basi nikasimama. Nikasema: sikilizeni nyote, na malaika wasikie. Miro asipotajwa katika timu ya Uruguay itakayokwenda Mexico, basi Muhsina binti Said hana ndoa na mimi, talaka tatu. Mbele ya watu kumi na sita!

Masouda alikuwapo ndani kwa wanawake. Baadaye nikamuuliza, nimefanya vibaya? Akanambia, "Wewe si una uhakika?" Nikamwambia nnao. Akasema, "Basi."

Suud

*

Mutrah
29 Mei 1970

Thani,

Imekuwa.

Sleyum aliitoa redio akaiweka juu ya meza nje, akatandika mikeka. Walikuja watu wa Darsait, wa Mutrah, hata wa Bawshar. Sisi wanawake tulikaa ndani, dirisha wazi, na Muhsina alikuwa ubavuni mwangu. Alikuwa amekaanga kaimati za kuwapa watu jina likitajwa.

Msomaji alisoma ishirini na mbili. Suud alikuwa akihesabu kwa vidole. Kufika kumi na nane alianza kurejea kidole kimoja mara mbili. Lilipokwisha jina la mwisho, yule mpwa hata hakucheka, hakupata haja. Suud akasema labda kuna mmoja hakusomwa. Sleyum akainyanyua redio, akaizima. "Suud," akamwambia, "nenda kwa Kadhi."

Kisha akaja mlangoni kwetu, akaita, "Muhsina, twende nyumbani." Muhsina akasimama. Nikadhani atakwenda. Aliushusha mtandio wake usoni, Thani, kama mwanamke afanyavyo mbele ya mwanamme asiyemhusu. Akasema kwa pazia, "Nyumbani kwa nani?"

Nilifurahi. Usinidhanie mwema. Nilikuwa na zaidi ya mwaka wa kumuonya kabla hajaapa, na sikufumbua mdomo. Lakini usiku wa kuamkia leo Muhsina kalala kwangu, na mwenye kosa, Suud, alilala kwake. Kaimati hakuna aliyezila.

Masouda

*

Maskati
19 Agosti 1970

Thani, mtoto wa ammi yangu, damu yangu,

Umesikia kuwa tuna Sultani mpya. Lango halifungwi tena, watu wanapiga ngoma, Wazinjibari wanaitwa warudi. Kila mtu anacheka ila mimi. Nikipita, vijana wanakunja mkono wa kushoto. Mto kaupata mpwa wa Sleyum.

Sikulaumu. Najua kocha yule kamfanyia Miro fitina. Nakuomba jambo, na nakuomba kwa kaburi la baba zetu.

Kadhi kasema Muhsina harejei kwangu mpaka aolewe na mume mwengine, ndoa ya kweli ya kuingiliana, kisha mume huyo amwache kwa hiari yake. Kulipanga kabla ni haramu, kwa hivyo libaki baina yetu. Mtu wa nje nikimpa atamng'ang'ania. Nani nimuamini kama si wewe? Njoo, vibali sasa vinatoka. Muoe, kaa naye siku chache, mwache. Ammi yake keshanipa ahadi, akiachwa tu na eda ikimalizika anarudishwa kwangu. Mwenyewe hatuna haja ya kumuelezea.

Na lile la Masouda kuolewa, niliona aibu kukuandikia. Ni yeye aliyekataa kukungoja. Mimi nilikupigania.

Nisaidie. Nyumba haina sauti.

Suud

*

Montevideo
22 Septemba 1970

Suud,

Nakuja. Nitamuoa.

Thani

*

Darsait
5 Disemba 1970

Suud bin Rashid,

Hujazoea kupata barua kutoka kwangu. Miaka mitatu nilikuwa nyumbani kwako nikikusomea za wenzio na hukupata kuniuliza mimi nna nini cha kuandika.

Leo ni siku ya tisa tangu Thani anioe. Najua unahesabu. Mtu wako kapita hapa mara mbili na kisingizio cha kuuza samli. Nakuandikia ili asipite tena.

Usiku wa tatu Thani alinipa barua zako zote, na nakala za zake, akanambia nisome. Nimesoma moja baada ya moja mpaka adhana. Nimesoma "Miro hakosi". Nimesoma "mwenyewe hatuna haja ya kumuelezea". Nimejua kuwa Miro aliumia goti mwaka wa sitini na nane, na kwamba wewe uliniweka mimi mbele ya watu kumi na sita juu ya mguu uliokwisha vunjika. Nimejua ya Masouda, ulivyomwambia na ulivyomwambia Thani. Masouda mwenyewe kaja, kapiga magoti, kaniomba radhi kwa kunyamaza kwake. Bado sijampa. Siku moja huenda nikampa.

Sasa la Thani. Alikuja na nia ya kunishika asiniachie maisha, ili wewe ufe kwa kijiba cha moyo. Hayo kayasema mwenyewe. Lakini baada ya kunipa barua alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, akasema kanifanya mimi kama wewe ulivyomfanya Masouda, na kwamba hawezi. Akachukua kalamu. Akasema, "Nnakupa talaka yako, uende utakako."

Niende wapi, Suud? Ammi yangu keshakuahidi. Nikiachwa leo, eda ikisha narudishwa kwako kama sinia lililoazimwa kwa ajili ya arusi. Nitapika, utakwenda barzani, na siku ukibishiwa jambo jengine utaniapia tena. Mara ya pili sitostaajabu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nikamnyang'anya kalamu. Nikamwambia: wewe umeshalipiza, mimi bado. Sikupendi, na wewe hunipendi, unampenda Masouda na utamuona mke wa Bwana Amur kila Idi mpaka mmoja wenu afe. Ndiyo malipo yako kwangu, kwa kunitumia. Utakaa hapa, utanitunza, utanisalimu asubuhi kwa jina langu, na karatasi ya talaka hutoandika. Akasema, "Sawa." Amepata kazi bandarini, anaanza Jumamosi.

Usimtafute umpige, wala usiende kwa Kadhi kusema mlikubaliana, maana utakuwa unajishitakia haramu yako mwenyewe, na barua yenye saini yako ninayo mimi.

Talaka zako tatu nilipewa bila ya kuulizwa. Hii yake moja nimeulizwa, nikaikataa.

Muhsina binti Said